Watu wa Isiolo Walioomba Kutozwa Kodi Zaidi

Mtu akiambiwa kwamba atalipa kodi ndogo kuliko jirani yake, kwa kawaida hushukuru na kurudi nyumbani na habari njema. Leo nakusimulia habari za watu waliotakiwa kulipa shilingi 20, nao wakakataa katakata. Walisema, Sisi twataka kulipa 30.

Watu hao walikuwa Wasomali, hasa wa ukoo wa Isaaq, na wengi wao walikaa Isiolo. Isiolo waijua? Ukitoka Nairobi ukapita Nanyuki, mlima Kenya uko mkono wa kuume, kisha barabara yateremka, baridi yakuacha, vumbi na joto vyakupokea. Hapo ndipo Isiolo. Mbele yake ni nchi kavu mpaka Marsabit na Moyale, mpaka Wajir na Mandera. Zamani hapo palikuwa na kizuizi barabarani, na aliyetoka kaskazini kuja kusini alikuwa akisema, "Nakwenda Kenya," kana kwamba Kenya ni nchi ya watu wengine. Wazee wangali wakisema hivyo mpaka leo, tena kwa mzaha wenye uchungu ndani yake.

Basi Waisaaq hawakuzaliwa pale. Kwao ni pwani ya Ghuba ya Aden, pande za Berbera na Hargeisa. Walikuja Kenya tangu mwisho wa karne ya 19, wakifuatana na wasafiri na wakubwa wa Kizungu, wengine kama askari, wengine kama waongozaji wa safari, wachungaji wa ngamia na wafanya biashara ya ng'ombe. Wengine walitumika katika jeshi la Waingereza, na Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, baadhi ya askari hao wa zamani walikaa Isiolo na mifugo yao.

Kwa nini mtu aliyeona Aden na Mombasa akae Isiolo? Palikuwa na malisho. Tena palikuwa mlangoni. Mifugo ya kaskazini haikuruhusiwa kushuka kusini ovyo, maana walowezi waliogopa maradhi, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe. (Naona waliogopa pia bei nafuu ya ng'ombe wale, lakini hilo halikuandikwa katika amri.) Kwa hiyo ng'ombe walizuiwa karantini Isiolo kwanza. Mfanya biashara mwenye akili akiona mlango, hujenga karibu nao.

Lakini hawakutafuta mali peke yake. Walitafuta nafasi ya kuishi bila kusukumwa. Nawe kumbuka siku zile zilivyokuwa. Tangu sheria ya mwaka 1902 nchi za kaskazini ziliweza kufungwa, mtu asiingie wala asitoke bila ruhusa, na mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalum, iliyompa ofisa wa serikali uwezo mkubwa kabisa juu ya watu na mifugo yao. Huko kusini nako Mwafrika mwanamume alibeba kipande ndani ya kikopo cha chuma, kimening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Huko uzio, huku kipande.

Sheria za mkoloni zilikuwa na neno moja lililoamua yote: mwenyeji. Kwetu neno hili ni zuri. Mwenyeji ni mwenye nyumba, ndiye amkaribishaye mgeni na kumpa maji. Katika sheria zile mambo yalipinduliwa: mwenyeji alikuwa mtu wa chini, na mgeni ndiye aliyepewa haki. Mwaka 1919 ilitungwa sheria iliyowatoa Wasomali wa namna hii katika hesabu ya wenyeji, kwa mambo fulani tu. Si wenyeji kamili, wala si kama Wahindi. Walikuwa kati na kati, na mtu wa kati na kati hawezi kulala usingizi mzuri, kwa sababu kilichotolewa kwa kalamu chaweza kufutwa kwa kalamu.

Ndipo mwaka 1936 ilipokuja sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji. Wahindi waliandikiwa shilingi 30. Wasomali waliandikiwa 20. Serikali labda ilidhani imewafanyia hisani. Wao waliona jambo jingine: tumeshushwa ngazi moja, na karatasi ya kodi ndiyo ushahidi. Leo ni shilingi 10, kesho ni hospitali gani utalazwa, kesho kutwa ni wapi waweza kukaa na wapi waweza kwenda. Kwa hiyo wakakataa. Walisema kwamba wao asili yao ni Arabuni, ni watu wa Asia, na watahesabiwa pamoja na Waasia. Waliandika barua kwa Gavana, wakaandika mpaka Uingereza, na ndugu zao waliotawanyika katika nchi nyingine wakawasaidia kupiga kelele. Ugomvi huu uliendelea mpaka karibu mwaka 1941. Shilingi 10 kwa mwaka! Lakini hazikuwa shilingi. Serikali haikuwapa walichotaka.

Nikisoma habari hii namkumbuka yule jemadari wa Kirumi katika kitabu cha Matendo ya Mitume, aliyekuwa karibu kumpiga Mtume Paulo mijeledi. Aliposikia kwamba mfungwa wake ni Mrumi alishtuka, maana yeye mwenyewe alikuwa ameununua uraia huo kwa fedha nyingi, na Paulo alizaliwa nao. Watu husoma mahali hapo na kumwona jemadari kuwa mtu wa kuchekesha kidogo. Mimi simcheki. Aliyezaliwa na haki hajui bei yake. Aliyeinunua aijua mpaka senti ya mwisho, na daima huogopa asije mtu akamwuliza, Risiti iko wapi?

Hata hivyo yafaa tuseme kweli. Waisaaq wa Isiolo hawakuomba ngazi ivunjwe. Waliomba wapandishwe kidato. Jirani zao Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru walibaki pale chini, nao walisikia kwamba hawa wenzetu hawataki kuhesabiwa pamoja nasi. Neno kama hilo halisahauliki upesi. Mimi siwezi kuwahukumu, maana mtu aliye ndani ya mto hushika tawi lililo karibu. Lakini uhuru walioutafuta ulikuwa uhuru wa kutokuwa kama jirani, na jirani alikuwapo, akitazama.

Hao jirani nao wana safari yao. Waborana wa Waso, yaani wa mto Ewaso Nyiro, wengi wao walikuwa pande za Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya magombano ya muda mrefu juu ya visima na malisho, serikali iliwahamishia Isiolo. Wao hawakuchagua. Waturkana wengi walikuja kutafuta kazi. Angalia mji mmoja jinsi ulivyojaa: huyu amekuja kutafuta nafasi, huyu ameletwa kwa amri, huyu amefuata mshahara. Majina ya mitaa yenyewe yasema: Kambi Garba, Kambi Odha, Bulla Pesa. Kambi ni mahali pa kupumzika kabla ya kuendelea na safari, lakini watu wamezikwa hapo na wajukuu wamezaliwa hapo.

Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru, na hapa habari inakuwa nzito. Mwaka uliotangulia, tume ilikuwa imewauliza watu wa kaskazini wataka nini, na walio wengi walisema wataka kujiunga na Somalia. Hawakupewa. Isiolo iliwekwa katika jimbo la Mashariki, na Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari. Vita vya Shifta viliendelea mpaka 1967. Katika wilaya ya Isiolo watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mahali kama Garba Tulla na Merti, na mfugaji asiyeruhusiwa kufuata malisho ni mfugaji aliyekwisha kuwa maskini. Mifugo ilikufa, mingine ilichukuliwa, mingine ilipigwa risasi. Watu waliokuwa na ngamia wengi walianza kungoja chakula cha msaada. Bendera ilikuwa mpya, lakini sheria za hatari za kaskazini hazikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Na wajukuu wa wale walioomba kulipa shilingi 30? Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wapimwe na kuhojiwa, ili ijulikane nani ni raia na nani si raia. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya pekee ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho alichokuwa nacho. Wakenya wengine hawakuwa na kadi hiyo. Sheria iliyobagua ilikuwa imekwisha kufutwa zamani, lakini swali la risiti lilirudi lile lile. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, kijana wa kaskazini aliyetaka kitambulisho alifika mbele ya wazee wa kamati kuulizwa ukoo wake na babu yake, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Machakos hakuulizwa. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kwamba uchunguzi huo wa pekee umekomeshwa.

Lami nayo ilifika Moyale katika miaka ya 2010. Magari yapita Isiolo usiku na mchana, na mwenye haraka hasimami hata kunywa chai. Ukipita, mpendwa msikilizaji, simama. Agiza chai ya maziwa ya ngamia, ukae karibu na mzee yeyote, umwulize watu wake walikuja lini na kwa nini. Usiulize kama ofisa. Uliza kama mgeni aulizavyo mwenyeji wake.