Rangi zikififia, usipuuze

Juzi nikiwa nyumbani Migwani nilianza kuandika programu ndogo ya kupima macho kwa rangi. Kwanza nikasoma historia.

Mwaka 1917 daktari wa Japani, Shinobu Ishihara, alichapisha vibao vyenye nambari iliyofichwa katikati ya vitone vya rangi. Alitaka kuwatambua wanajeshi waliozaliwa wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Lakini mwaka 1912 Mjerumani Köllner alikuwa ameshaeleza kwamba magonjwa pia huiba rangi: ya retina huvuruga zaidi bluu na manjano, ya neva ya jicho nyekundu na kijani. Kanuni hiyo ina "bug" zake: glakoma hudhuru neva, ila mara nyingi huanza na bluu.

Hapa Kenya jambo hili linatugusa. Mwaka 1991 utafiti wa Nairobi ulionyesha kuwa thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu, iliwaletea wenye VVU madhara mabaya ya ngozi. Ethambutoli ikachukua nafasi yake. Nayo, kwa wagonjwa wachache, hudhuru neva ya jicho, na kufifia kwa nyekundu na kijani ni dalili ya mapema. Ikigunduliwa haraka, mara nyingi macho hupona.

Ndiyo maana hupimwa kila jicho peke yake, kabla ya dawa na baadaye, kisha majibu yanalinganishwa.

Programu yangu nimeiweka kando: simu mbili zilionyesha nyekundu mbili tofauti! Ukiona rangi zinafifia, usiache dawa mwenyewe. Nenda kliniki leo.