Bunduki za nani? Mkataba wa Brussels na vita vya Shangi, 1896

Vita vya Shangi kwa kawaida huelezwa kwa sentensi mbili. Wanyarwanda walikuwa na mikuki, pinde na ngao, wageni walikuwa na bunduki, Wanyarwanda wakashindwa. Sipingi kwamba bunduki ndizo zilizoamua. Ninachouliza katika insha hii ni kwa nini zilikuwa upande mmoja tu. Wengi hujibu kwamba Ulaya ilikuwa imeendelea na Afrika ilikuwa bado. Jibu hilo ni jepesi mno, kwa sababu mwaka ule ilikuwapo sheria iliyosema ni nani katika Afrika anayeruhusiwa kushika bunduki ya kisasa, na eneo letu la Kinyaga, yaani Cyangugu ya baadaye, lilikuwa ndani ya mipaka yake.

Sheria yenyewe ni Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Dola 17 zilishiriki. Zanzibar ilikuwamo, Uajemi ilikuwamo, hata Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilihesabiwa. Rwanda haikualikwa. Kifungu cha 8 kilikataza kuingiza bunduki, hasa zile za kisasa zenye mtutu uliochongwa mifuo ndani, pamoja na baruti na risasi zake, katika nchi zote zilizo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Shangi iko karibu digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Kifungu cha 9 ndicho ninachokiona muhimu zaidi, maana kilitaja walioachiwa: majeshi ya serikali zilizotia saini, na watu binafsi waliopewa kibali, mfano wasafiri, ambao silaha zao ziliandikishwa na kupigwa alama. Kwa Waafrika wa kawaida kilichoweza kuuzwa, tena kutoka ghala la serikali, ni gobori la gumegume na baruti duni ya biashara.

Waliotunga mkataba walisema wanataka kukomesha biashara ya watumwa, na hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Misafara iliyotoka pwani ilivamia vijiji kwa bunduki. Watu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika walilijua hilo kuliko mjumbe yeyote wa Brussels. Lakini sheria haikuwanyang'anya wenye nguvu silaha zao. Iliwagawa watu katika makundi mawili, wenye haki ya kubeba na wasio nayo, na aliyegawa ndiye aliyejiweka katika kundi la kwanza.

Mfano wa Ethiopia unaonyesha uzito wa mgawanyo huo. Nchi hiyo nayo imo ndani ya latitudo zilizokatazwa. Hata hivyo Menelik II alikubaliwa kujiunga na mkataba, na aliyemwombea nafasi ni Italia, iliyodhani inamtunza mteja wake. Kwa kujiunga akapata haki ya kununua silaha kama dola nyingine. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi yake yaliwashinda Waitalia hao hao kule Adwa, yakiwa na makumi ya maelfu ya bunduki. Shangi ni mwaka uleule. Sisemi kwamba karatasi peke yake ilishinda Adwa, maana Ethiopia ilikuwa na bandari za jirani, wafanyabiashara na miaka mingi ya kukusanya silaha. Ila Menelik alikuwa na njia halali ya kuzipata, na mwami wa Rwanda hakuwa nayo.

Hapa lazima niseme pia jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia. Mlango ulifungwa Brussels, lakini ulikuwa umeshafungwa Rwanda kwenyewe. Mwaka 1876, Stanley alipokuwa Kafuro huko Karagwe, mfanyabiashara Hamed Ibrahim alimweleza kwamba Wanyarwanda hawawaruhusu watu wa pwani kuingia nchini. Mwami Rwabugiri aliendelea na msimamo huo. Msimamo huo uliikinga nchi na misafara ya watumwa, jambo ambalo si dogo. Ulizuia bunduki vilevile. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, alifanya kinyume: alifanya biashara, akapata magobori kwa wingi, na nchi yake ikaishi katika vita karibu muda wote wa utawala wake. Kati ya njia hizo mbili sijui kama ningethubutu kumlaumu Rwabugiri.

Rwabugiri alifariki 1895, na mwanawe Rutarindwa akatawala kwa jina la Mibambwe IV. Mwaka uliofuata afisa wa Dola Huru ya Kongo, Luteni Sandrart, alivuka na kupiga kambi Shangi. Ikulu ilituma majeshi, pamoja na Ingangurarugo, kikosi mashuhuri cha Rwabugiri, chini ya Bisangwa. Bisangwa aliuawa na majeshi yakarudi nyuma. Tukumbuke kwamba askari wengi wa dola ile walikuwa Waafrika. Kwa hiyo sheria haikuangalia rangi ya mkono ulioshika bunduki. Iliangalia bunduki imeandikwa katika daftari la nani.

Daftari lenyewe halikuwa imara. Mwaka 1897 askari wa Dola Huru waliasi kule Ndirfi, wakaondoka na bunduki za serikali, na uasi ukaenea hadi upande wetu wa maziwa. Wabelgiji wakaacha vituo vyao vya Kivu na Rusizi. Wajerumani wakachukua nafasi, na mwaka 1898 Kapteni Bethe akaweka kituo Shangi hiyohiyo.

Ikulu nako mambo yalikuwa yamebadilika. Bisangwa alikuwa nguzo ya Rutarindwa, na miezi michache baada ya kifo chake, Desemba 1896, Rutarindwa alipinduliwa Rucunshu na ndugu za Kanjogera, na Musinga akatawazwa akiwa bado kijana. Utawala huo mpya haukuwapiga Wajerumani. Uliwapokea. Mwaka 1912 Ndungutse alipoasi kaskazini, Musinga alihitaji askari wa Luteni Gudowius kumzima, na bunduki zilizofanya kazi hiyo zilikuwa za Wajerumani, si za mwami.