Majeraha bandia ya jukwaani

Majeraha bandia ni vidonda, michubuko na alama za kuungua zinazoumbwa kwa vipodozi ili mtu aonekane ameumia. Huhitajika katika tamthilia za vita, mfano Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, na pia katika mazoezi ya huduma ya kwanza.

Kidonda cha kukatwa hujengwa kwa tabaka za karatasi laini na lateksi, kisha hupasuliwa katikati na kujazwa damu ya shira ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kuifanya nzito na yenye weusi.

Rangi ndiyo kazi ngumu, na ndipo wengi hukosea. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe huanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hupotea. Damu iliyovilia ionyeshwe kwa zambarau iliyokolea na kahawia nzito, na uvimbe kwa mng'ao juu na kivuli pembeni.

Wilayani Same, Tanzania, hali ya hewa huamua malighafi ya kidonda: lateksi au nta. Mji wa Same uko tambarare, upande mkavu wa Milima ya Pare, na joto la mchana hulainisha nta. Lateksi hustahimili zaidi. Kuelekea kilele cha Shengena, takriban mita 2,460, ukungu huchelewesha lateksi kukauka, ilhali nta hutulia vizuri.

Lateksi huwadhuru wenye mzio, hivyo hujaribiwa kwanza mkononi na haipakwi karibu na macho.