UNGA: Kwa nini anayelima mahindi pia hulala njaa? (Uzi)

1. Kila kampeni ikianza, bei ya unga hurudi jukwaani. Huyu anaapa ataishusha, yule anaapa atamtetea mkulima. Na sisi huku mtandaoni tunagawanyika, watu wa tao dhidi ya watu wa mashambani. Wacha leo tupitie historia kidogo, kwa sababu huo mgawanyiko hauko vile tunavyouchora.

2. Nianze na kwetu. Mama analima shamba dogo Trans Nzoia. Akivuna Novemba anauza haraka, kwa sababu kuna deni la mbolea na Januari karo inangoja. Broka anajua hivyo, kwa hivyo yeye ndiye anataja bei. Kufika Juni stoo iko tupu, na mama ananunua mahindi sokoni kwa gorogoro, ghali kuliko alivyouza. Mimi niko Nairobi nanunua pakiti. Sote wawili ni wanunuzi.

3. Na si mama pekee. Wakulima wadogo wengi Kenya hununua mahindi mengi kuliko wanayouza. Kwa hivyo bei ikipanda, usidhani kila mwenye shamba anasherehekea.

4. Tulifikaje hapa? Mwaka 1942, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilishika soko la mahindi. Ilinunua na kupanga bei, na mlowezi alilipwa zaidi ya Mwafrika kwa mahindi yale yale. Mwaka uliofuata njaa ikapiga. Wazee wa Kikuyu waliiita njaa ya mihogo. Ukame ulikuwepo, ndiyo, lakini sera pia ilikuwepo.

5. Uhuru ulikuja, udhibiti ukabaki. Mwaka 1979 ikaundwa Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB). Hadi 1993, kuvusha magunia ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine ulihitaji kibali. Fikiria hilo: Kitale kuna mavuno, Ukambani hakuna mvua, na katikati kuna kizuizi cha barabarani. Ukame wa 1984 ulipokuja, tulikula mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Uliza wazazi wako, hawajasahau ile ladha.

6. Soko likafunguliwa. Vibali viliisha, lakini mkulima mdogo hakupewa mashine ya kukausha wala ghala la kuaminika. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu ya aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui. Chakula kilikuwepo nyumbani. Kilikuwa kimeota kuvu.

7. Mwaka 2008 fujo za baada ya uchaguzi zikapiga Bonde la Ufa, ghala letu la mahindi. Watu walihama mashamba, maghala yakachomwa. Januari 2009 njaa ikatangazwa janga la kitaifa. Kwa hivyo amani pia ni pembejeo, kama mbegu na mbolea.

8. Halafu ruzuku. 2017, pakiti ya kilo mbili Sh90. 2022, Sh100. Zote mbili mwaka wa uchaguzi, na zote mbili hazikudumu. Sisemi hazikusaidia, mimi mwenyewe nilipanga foleni. Lakini ruzuku ilikuwa kwenye pakiti. Anayesaga gorogoro moja kwa posho mill, awe kijijini au Mathare, hiyo pesa ilimpita.

9. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Na tangu 2013 sehemu kubwa ya kazi ya kilimo iko kwa kaunti. Kwa hivyo maswali haya si ya Nairobi peke yake. Gavana wako pia anahusika.

10. Next time ukisikia mtu akiahidi unga, muulize matatu:
– Mahindi ya mkulima mdogo yatakaushwa wapi, na kwa bei gani?
– Sheria ya risiti za ghala ilipita 2019, mkulima aweke mahindi ghalani na akope kwa hiyo risiti badala ya kuuza Novemba. Kwetu ghala hilo liko wapi?
– Mahindi ya nje yataingia mwezi gani? Yakishuka bandarini wakati wa mavuno, yanamzika mkulima. Yakichelewa, yanamzika mnunuzi.

11. Akijibu kwa kutukana upande ule mwingine, ujue hana jibu. Mama atauza tena Novemba hii. Ningependa Juni asinunue.

Kwenu je, mnauza mwezi gani na mnanunua mwezi gani? Andikeni hapo chini.