Jukwaa na Maabara: Hoja Kuhusu Wanawake katika Sayansi Vyuoni

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio mwezi Desemba 2015, na tangu hapo tarehe 11 Februari imekuwa Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki navyo huiadhimisha. Mabango hutundikwa, wahadhiri wanawake hupigwa picha wakiwa na makoti meupe kando ya hadubini, na wanafunzi wa kike hualikwa kusikiliza masimulizi ya waliotangulia. Sina ugomvi na maadhimisho hayo. Msichana wa sekondari anayesita kuchukua fizikia ana haja ya kumwona mwanamke aliyeichukua akafika mbali. Ninachodai ni kwamba chuo kiwe tayari kutaja, pamoja na jina la mwanasayansi wake, kile kilichompa: nafasi ya maabara kiasi gani, fedha za utafiti kiasi gani, saa ngapi za kufanya utafiti huo, na sauti gani katika kugawa rasilimali za idara. Mambo hayo yote yanapimika. Chuo kinachoyaficha na kutundika picha kinajipamba chenyewe, naye aliyepigwa picha anarudi kwenye matatizo yale yale aliyoyaacha ofisini asubuhi.

Mfano bora wa kupima ninaoufahamu ulitokea Marekani, katika chuo cha MIT. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa molekuli, alikuwa profesa kamili hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliomba nafasi zaidi kwa ajili ya samaki aliowatumia katika utafiti wake, akakataliwa. Aliposema kwamba nafasi yake ni ndogo kuliko ya wenzake hakusadikiwa. Basi akachukua futi ya kupimia, akazunguka jengo, akapima maabara moja baada ya nyingine. Vipimo vilionyesha kwamba wanaume waliokuwa chini yake kwa cheo walikuwa na nafasi kubwa kuliko yeye.

Mwaka 1994 Hopkins aliwatafuta wanawake wenzake katika skuli ya sayansi ya chuo hicho. Wenye ajira ya kudumu walikuwa 15 tu, mbele ya wanaume waliokaribia 200. Kila mmoja alikuwa amedhani kwamba mkwamo wake ni wake peke yake, labda kwa sababu ya tabia yake au bahati yake. Walipoketi pamoja waligundua kwamba visa vyao vinafanana. Wakamwandikia mkuu wa skuli, kamati ikaundwa, ikachunguza nafasi za maabara, mishahara, fedha za utafiti na uteuzi katika kamati zenye uzito. Ripoti ilipochapishwa mwaka 1999, rais wa chuo, Charles Vest, aliikubali hadharani na kukiri kwamba tatizo lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani awali.

Katika ripoti ile kuna jambo ambalo huwa halitajwi sana, nami naona ndilo lenye mafunzo makubwa kwetu. Wahadhiri wanawake vijana walisema kwamba idara zao zinawaunga mkono. Waliohisi kusukumwa pembeni ni wakubwa wao, wale waliokwisha kupanda vyeo. Maana yake ni kwamba kizazi kipya hakikuwa kimepona, bali kilikuwa bado hakijafika mahali ambapo rasilimali zinagawanywa. Nasi tunapowasikia wahadhiri wasaidizi wakisema kwamba hawaoni ubaguzi wowote, tuwaamini, kisha tuwaulize maprofesa.

Wala hakuna aliyekaa mahali akapanga kuwaonea. Kila uamuzi ulikuwa mdogo, ukafanywa na mtu aliyejiona mwadilifu. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walilionyesha hili kwa jaribio. Waliwapelekea wanasayansi 127 wa vyuo vikuu vya Marekani maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara. Maombi yalikuwa yale yale, neno kwa neno, ila baadhi yalibeba jina la John na mengine la Jennifer. John alionekana hodari zaidi, akapendekezewa mshahara wa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, na Jennifer dola 26,500 hivi. Wapimaji wanawake walikosea sawa na wanaume. Kwa hiyo kumweka mwanamke mmoja kwenye jopo la usaili hakutoshi. Yanayotakiwa ni vigezo vilivyoandikwa kabla ya maombi kufunguliwa, na alama zilizowekwa mbele ya kila kigezo.

Nije nyumbani. Wangari Maathai anajulikana duniani kote kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Mwulize mwanafunzi wa chuo kikuu chochote cha Kenya au Tanzania Maathai alisomea nini, na wengi watakutajia misitu. Kumbe alikuwa mwanaanatomia. Alipata shahada ya biolojia huko Atchison, Kansas, mwaka 1964, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Alirudi Nairobi akiwa na ahadi ya kazi ya zoolojia katika chuo kikuu cha huko, akakuta nafasi ile amepewa mtu mwingine. Aliyempokea ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen, katika idara ya anatomia ya mifugo. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyoanza kujengeka, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada hiyo. Mwaka 1976 alishika uongozi wa idara, na mwaka uliofuata akapandishwa kuwa profesa mshiriki.

Katika miaka hiyo hiyo masharti ya ajira yalimpa mhadhiri mwanaume marupurupu kamili, zikiwemo nyumba, ambayo mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakuyapata. Ilidhaniwa kwamba yeye anatunzwa na mumewe. Hebu tutafakari: mtu anafundisha saa zile zile, anasahihisha mitihani ile ile, anaongoza idara, na bado mkataba unamhesabu kama mke wa mtu aliyepita kazini kusaidia. Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya, mwanabiokemia, walidai haki sawa kwa miaka. Mwishowe uongozi uliwakubalia wao wawili. Kanuni iliyowagusa wanawake wengine ikabaki palepale. Hapa pana mtego ambao vyuo vingi bado vinaingia: mwanamke mwenye sauti kubwa anapewa anachodai, kisha anaonyeshwa kama ushahidi kwamba chuo hakibagui.

Mwaka 1982 Maathai alijiuzulu ili agombee ubunge. Jina lake liliondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa sababu za kiutaratibu, na alipotaka kurudi kazini chuo kilimkatalia. Sayansi yake iliishia hapo. Tunavyoshangilia aliyoyafanya baadaye na Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na ni sawa kuyashangilia, tukumbuke pia kwamba idara ya anatomia ilipoteza mkuu wake, na wanafunzi wa kike wa tiba ya mifugo wakapoteza msimamizi. Tangu wakati huo picha zake zimechapishwa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, na ni chache mno zinazotaja utafiti wake wa ng'ombe.

Swali linalofuata ni namna ya kuwaingiza wanawake wengi zaidi, na hapa uzoefu wa Makerere unafundisha. Kuanzia mwaka 1990 chuo hicho kilimwongezea kila mwombaji wa kike alama 1.5 katika udahili. Idadi ya wanawake ilipanda sana, na hilo peke yake linatosha kuutetea mpango. Lakini ongezeko kubwa lilikwenda kwenye sanaa na sayansi za jamii, kwa kuwa alama ya nyongeza humfaa tu aliyefanya mtihani wa somo husika. Msichana ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa kemia hakuwa na kitu cha kuongezewa. Kisha katikati ya miaka ya 2000 serikali ya Uganda iliamua kwamba ufadhili wake mwingi uende kwa wanafunzi wa sayansi. Nia ilikuwa kujenga uchumi, ila kwa kuwa wasichana walikuwa wachache kwenye tahasusi za sayansi, mkono mmoja ukapunguza kile ambacho mwingine ulikuwa umekiongeza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichukua njia nyingine. Wasichana waliokaribia alama za kuingia sayansi bila kuzifikia waliitwa chuoni kabla ya muhula, wakafundishwa kwa wiki kadhaa, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Uhandisi nao baadaye ukawa na kozi kama hiyo. Naipenda njia hii kwa sababu inatoa mafundisho, na mafundisho ndiyo yaliyokuwa yamekosekana. Shule nyingi za kata zilizojengwa Tanzania baada ya mwaka 2004 zilianza bila maabara, na watoto walikaa kwenye mtihani wa mbadala wa vitendo bila kuwahi kushika bureti. Wiki sita au nane chuoni haziwezi kufidia miaka minne ya namna hiyo kwa kila mtu. Zinaweza, hata hivyo, kumtofautisha aliyekosa uwezo na aliyekosa vifaa, na hiyo ni kazi ambayo cheti cha matokeo hakiifanyi.

Akishaingia, akahitimu, akaajiriwa, mzigo unabadilika sura. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Ni kanuni ya haki na sitaki iguswe. Lakini tuichukulie idara ya fizikia yenye wahadhiri 12 ambao wawili kati yao ni wanawake, na vyombo vya chuo vinavyohitaji sura ya mwanamke kila mahali: nidhamu, zabuni, mitihani, maadili, ugeni. Wawili hao watakaa vikaoni wiki nzima. Siku ya kupandishwa vyeo ikifika, kamati itauliza machapisho, haitauliza vikao. Suluhisho ni rahisi kuliko tunavyojifanya: saa za vikao zihesabiwe kama mzigo wa kazi na zipunguzwe kwenye vipindi vya kufundisha, kwa mwanamke na kwa mwanaume yeyote anayebeba mzigo huo huo.

Ndivyo ilivyo pia kwa uzazi. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayefanya utafiti wa bakteria au mimea hasimamishi jaribio kwa siku 84 na kulikuta lilipoishia. Sampuli zinaharibika, msimu wa mvua unapita, mwanafunzi wa uzamili anakosa usimamizi. Fedha ndogo ya kumlipa fundi sanifu wa maabara alinde jaribio kwa miezi hiyo mitatu ingeokoa mwaka mzima. Chuo kinachodai kuwathamini wanasayansi wanawake kionyeshe fungu hilo kwenye bajeti yake.

Baada ya hayo, kuwaonyesha kunakuwa na maana, na nakutaka kwa moyo wote. Ila kuwe kuonyesha kazi. Julie Makani wa Muhimbili alipopewa tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011, kilichotunukiwa ni utafiti wake wa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Tanzania zinaujua kwa kuzika watoto. Tuzo ilikuja na fedha za kuendeleza utafiti wenyewe. Verdiana Masanja, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, aliyoipata Berlin, anastahili kutajwa pamoja na mwendo wa viowevu alioutafiti, ili mwanafunzi ajue kwamba kuna milinganyo nyuma ya jina lile. Mwalikeni mwanasayansi mwanamke atoe mhadhara mkuu wa kongamano kuhusu matokeo yake, mwezi wowote wa mwaka. Anapopewa nusu saa tu, tena mwezi Machi, aeleze jinsi alivyomudu kazi na familia, ukumbi unaondoka ukiwa haujui amegundua nini.

Mpango wa AWARD, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuwa na makao Nairobi, uliunganisha vizuri pande zote mbili, kusaidia na kuonyesha, kwa watafiti wanawake wa kilimo. Kila aliyechaguliwa alipewa mlezi wa kitaaluma aliyemzidi uzoefu, naye akatakiwa kumlea mtafiti mchanga, huku akipata mafunzo ya sayansi na uongozi. Msaada uliteremka ngazi, na waliotangulia walionekana na waliowafuata wakiwa kazini, katika makosa ya data na marekebisho ya makala, jambo ambalo bango haliwezi kulionyesha.

Wahariri wa majarida ya kitaaluma, likiwemo hili, nao wana sehemu yao. Kila mwisho wa juzuu wanaweza kuchapisha idadi ya makala zilizopokelewa na zilizokubaliwa kwa jinsia ya mwandishi wa kwanza, na idadi ya wasomaji wapimaji walioombwa maoni. Takwimu hizo tayari zimo kwenye majalada yao, na kazi ya kuzihesabu haizidi mchana mmoja.