Giaboksi ya Toyota, Mwili wa Land Rover

Mnunuzi alikuja Kahama kutoka Arusha, akalala chali chini ya gari la marehemu babu huku akimulika kwa tochi ya simu. Mimi na mjomba tulisimama pembeni kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Alipotoka huko chini alijipangusa vumbi, akauliza swali moja tu.

"Mzee wangu, giaboksi yake iko wapi?"

"Si hiyo umeiona?"

"Hiyo ya Toyota. Mimi naulizia yake."

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mwaka 1970. Mnunuzi hukusanya magari ya kale na kuyauza kwa wapenzi wake walio nje ya nchi. Alituambia kwamba lingekuwa na injini na giaboksi yake ya asili, angetupa mara tatu ya bei aliyokuwa nayo mfukoni. Tukabaki na hilo neno, asili.

Babu alilinunua mnadani mwaka 1977. Mwaka mmoja nyuma serikali ilikuwa imevifuta vyama vikuu vya ushirika, na mali nyingi zikawa zinabadilisha mikono. Gari lililokuwa likizungukia vituo vya kununulia pamba likaanza kubeba abiria, magunia ya mpunga na ng'ombe wagonjwa. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne, na mbili za kwanza hazikuwa na kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza injini. Akikosea, chuma kilipiga kelele hadi abiria wakaguna. Babu alisema gari lile lilimfundisha kusubiri.

Mwaka 1982 meno ya gia ya pili yalikatika, na kusubiri kukawa kwa namna nyingine. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba ya fedha za kigeni, mafuta yalipanda bei duniani, na kipuri kutoka Uingereza kilihitaji kibali ambacho mtu wa Kahama hakuwa na njia ya kukipata. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Hata aliyekuwa na kipuri dukani aliogopa kukionyesha. Gari likakaa juu ya magogo chini ya mwembe, kuku wakataga kwenye siti.

Lililolifufua ni sera. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi. Taratibu magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, usukani ulikuwa tayari upande wetu. Yaliyopata ajali yalichinjwa vipande vipande. Mwaka 1988 babu alirudi kutoka Mwanza na injini ya dizeli ya Hilux, imeshikana na giaboksi yake ya gia tano.

Kubadili giaboksi si kufungua bolti na kufunga nyingine. Mafundi walichomelea vishikizo vipya kwenye chesisi, wakatoboa sakafu mahali pengine kwa ajili ya mkono wa gia, wakakata propela na kuunganisha upya ili urefu ukubali. Propela iliyoungwa isipokaa sawa hutetemesha gari zima, kwa hiyo waliifunga na kuifungua siku tatu. Siku ya nne gari lilikwenda Shinyanga mjini na kurudi. Gia ya tano huzungusha propela kwa kasi kuliko injini yenyewe. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kuongea humo ndani bila kupaza sauti.

Lakini kwenye Land Rover ya zamani, nyuma ya giaboksi kuna kisanduku kingine kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hilux ile ilikuwa ya kuvuta nyuma tu, kwa hiyo kisanduku kilitoka na gia ya mbele ikafa. Kebo ya spidomita ilikuwa imefungwa hapo, nayo ikafa. Breki ya mkono pia ilikuwa hapo hapo, kwenye shimo la nyuma la kisanduku. Tangu siku hiyo gari halikuwa na breki ya mkono, likawa na jiwe. Mjukuu mmoja alipewa kazi ya kuruka chini gari likisimama na kuliweka nyuma ya gurudumu. Kwa miaka sita mjukuu huyo nilikuwa mimi.

Hasara yake tuliijua masika ya El Niño, mwaka 1998. Shangazi alishikwa na uchungu usiku, tukatoka kuelekea hospitali, na katika udongo mweusi wa mbugani gari likazama. Magurudumu ya nyuma yalichimba, ya mbele yakatazama tu. Maksai wanne wa jirani ndio waliotutoa, lakini mtoto hakuwasubiri. Alizaliwa siti ya nyuma, mimi nikiwa nimeshika taa. Kwa muda mrefu shangazi aliilaumu giaboksi ile. Babu alimsikiliza bila kujitetea. Siku moja tu alimuuliza, bila hiyo ya Toyota, usiku ule tungetoka na nini?

Tulipokuwa tukimsubiri mnunuzi amalize kupiga picha, nilisoma kwenye simu habari za MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Nalo lilikuja na gia nne, na hadi mwaka 1967 gia yake ya kwanza ilisumbua kama ile ya babu. Siku hizi wenye magari hayo huko Uingereza huyafungia giaboksi ya gia tano ya Ford Sierra ili injini isilie kwenye barabara kuu. Wananunua vifaa vilivyokwisha kuchongwa tayari, wanafanya kazi hiyo siku za mapumziko, na wengi huiweka giaboksi ya zamani stoo, gari likija kuuzwa irudi mahali pake. Kazi ni ileile ya mafundi wetu. Tofauti ni hiyo stoo.

Na hiyo Land Rover yenyewe? Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Kimarekani. Mwili ukawa wa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Walitumia walichokipata, kama mafundi wetu wa mwaka 1988.

Nilimweleza mnunuzi hayo. Alicheka kwa adabu, akasema wateja wake hawanunui historia ya namna hiyo.

"Basi ile ya zamani mliitupa wapi?" akauliza tena.

"Kasha lake lilikuwa alumini," mjomba akasema. "Lilikwenda kwa wayeyushaji wa sufuria. Labda umeshakula ugali uliopikwa ndani yake."

Aliongeza bei kidogo. Mjomba alinitazama, kisha akamtazama binamu yangu, yule wa masika ya El Niño, ambaye siku hizi ndiye anayeliendesha kupeleka matimba kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Geita. Matimba hushikilia kuta za mashimo zisiwafukie waliomo chini, na mzigo ulikuwa umekwisha kupakiwa tangu asubuhi.

"Wanasubiri," binamu akasema.

Mjomba akamshukuru mgeni na kumkaribisha chai. Binamu akawasha. Nikainama, kwa mazoea, nikatoa jiwe.