Lupita Nyong'o

Lupita Nyong'o (alizaliwa Mexico City, Meksiko, 1 Machi 1983) ni mwigizaji wa jukwaani, televisheni na filamu kutoka Kenya. Baba yake ni Peter Anyang' Nyong'o, msomi na mwanasiasa. Alikulia Nairobi, na akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet katika *Romeo and Juliet* ya Shakespeare na kundi la Phoenix Players.

Mwaka 2009 aliigiza Ayira katika *Shuga*, tamthilia ya televisheni kuhusu vijana wa Nairobi, mapenzi na UKIMWI. Alihitimu shahada ya uzamili ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2012. Filamu ya *12 Years a Slave* ilimpatia Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike mwaka 2014.

Mwaka 2016 aliteuliwa kuwania Tuzo ya Tony kwa *Eclipsed*, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, iliyochezwa Broadway. Mwaka 2025 aliigiza Viola katika tamthilia ya *Twelfth Night* jijini New York. Mdogo wake, Junior, aliigiza Sebastian, pacha wa Viola, na baadhi ya maneno waliyasema kwa Kiswahili.

Lupita ni Mkenya wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji.